Herufi Nene za Papa Benitha

Ukiingia Kamembe kutoka upande wowote, kabla hujaiona stendi ya mabasi utakuwa umeshasoma mwandiko wa Gad. Utausoma kwenye bucha, kwenye saluni, kwenye duka la dawa, kwenye ubavu wa lori la mchele linalopanda kutoka Bugarama. Utausoma hata kwenye ule ukuta wa nyuma ya soko ulioandikwa USIKOJOE HAPA, na ukitazama chini ya maandishi utajua kwamba mji huu una wasomaji, ila watiifu ni wachache.

Herufi zake ni zile zile mahali pote. Ni nene. Zimeshiba. Hazina pembe, hazina miguu wala mikia, na kila ncha imeviringishwa kama kidole cha mtoto. O yake imejaa, S yake imejikunja kama paka aliyelala juani, na unene wake hauongezeki wala haupungui kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho. Mwenyewe Gad, ajabu ya Mungu, ni mwembamba hata ukimwona kwa ubavu unaweza kumkosa. Watu wamemuuliza miaka na miaka: wewe, unene huu wote unautoa wapi? Naye hujibu kwamba mpishi si lazima awe ndiye mlaji.

Alizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mto, akarudi Rwanda na wazazi wake akiwa kijana, Kiswahili kikiwa mdomoni na burashi mfukoni. Ufundi hakufundishwa na mtu. Alianza na mlango wa kinyozi mmoja, akanenepesha herufi ili zifunike nyufa za mbao, na tangu siku hiyo hakurudi nyuma. Ukimuuliza kwa nini hataki pembe, weka kiti chini, maana utakaa.

"Angalia," husema, "muntu wa moto, wa pikipiki, anapita mbio. Hana nafasi ya kusoma. Herufi njo inapaswa kumusoma yeye. Ile ya pembe inagombana na macho. Ya mviringo inamuita: kuya, kuya huku."

Kisha atakueleza habari ya matundu. Tundu la A, la B, la R, lazima liwe kubwa, kwa sababu vumbi la Kamembe halina huruma, na tundu dogo litaziba kabla mvua mbili hazijapita, na A itageuka kokoto. Kwanza huchora mifupa kwa chaki, halafu huivika nyama kwa burashi. "Mifupa kwanza," husema, "nyama baadaye. Mungu naye alifanya vile."

Usidhani kila mteja aliridhika. Muuza majeneza mmoja alimwagiza kibao, akaomba herufi za huzuni. Gad akaenda akaandika MAJENEZA kwa unene wake ule ule, kwa rangi ya kahawia, na tangu asubuhi ya kwanza watu wakawa wanaingia kuuliza mkate. Muuza majeneza alikuja juu, akatukana ukoo mzima. Baadaye alipoa, kwa kuwa wafiwa walianza kufika kwake wakiwa wametulia kidogo, na aliyetulia hachagui jeneza kwa machozi.

Jambo moja nikwambie, na hili shika sana: mwandiko wa Gad haudanganyi, na hapa kwetu kila mtu anajua hivyo. Mtu mmoja alitaka aandikiwe MAZIWA SAFI, na Gad alijua maziwa yale yanakutana na bomba kabla hayajakutana na mteja, akafunga kopo lake la rangi akaondoka. Alipoandika HATARI kwenye transfoma ya umeme, hata walevi waliokuwa wakiegemea pale walihama. Akiandika LEO HAKUNA NYAMA, hutabisha hodi.

Basi, mtu mwenye jina kubwa hivi ungesema hana la kumsumbua. Alikuwa nalo. Jina lake Ganza.

Ganza ni kijana wa shangazi wa mkewe, aliyefungua duka la kuchapa mabango kwa kompyuta karibu na benki. Siku moja alimwita Gad ndani, akamkalisha, akamwonyesha kioo. "Angalia, Papa Benitha. Maandiko yako iko humu." Na kweli zilikuwamo: herufi nene, za mviringo, zisizo na pembe, zimepangwa safu kama askari waliofinyangwa kwa unga. Gad akasimama.

"Nani aliwapa?"

"Hakuna aliyewapa. Zilichorwa huko mbali na watu wengine, zamani. Ziko nyembamba, ziko za kati, ziko nene, ziko nene kabisa."

Gad akavaa miwani, akasogeza pua mpaka ikagusa kioo. Akazipitia moja moja kama mkwe anayekagua ng'ombe. Mwisho akasema, "Hii R, mguu wake unachechemea. Na hii a, tumbo lake dogo, mutoto hajashiba." Akatoka. Lakini usiku ule hakula vizuri, na kwa siku kadhaa alikuwa akisimama mbele ya vibao vyake mwenyewe akivitazama kana kwamba vimemficha kitu.

Hilo lilipita. Lililokuja baada yake ndilo lililomuuma.

Benitha, binti yake wa pekee, alichumbiwa. Benitha ni karani wa benki, hutembea wima, huongea Kifaransa na simu, na alipata kijana mzuri kweli, Parfait, wa kinu cha mchele kule Bugarama. Gad alifurahi mpaka akaanza kuamka alfajiri kuchanganya rangi. Aliwaza kadi. Aliwaza kibao cha njia panda. Aliwaza jina la mwanawe, herufi saba, zote zikiwa na mahali pazuri pa kushiba. Alikuwa ameshachagua bluu.

Benitha alimkuta uani akichora mifupa ya B.

"Papa, usikasirike."

"Bado sijakasirika. Sema."

"Ku ndoa yangu, sitaki mwandiko yako."

Gad akaiacha chaki. "Mwandiko yangu iko na nini?"

"Iko ku bucha, papa. Iko ku choo ya soko. Iko ku transfoma. Bageni bataona kadi, batafikiri tunauza nyama." Akashusha sauti. "Ku masomo, mlango wa choo ya basichana ni wewe uliandika. Batoto benzangu balinichekelea miaka yote. Kwa siku moja tu, papa, niache nikuwe na maandiko membamba, ya kulala-lala, kama ya bantu bengine."

Mama yake, Védastine, alitoka jikoni akafunga shughuli. Hakuna kugusa burashi mpaka ndoa iishe. "Apa," akamwambia mumewe. Gad akaapa. Védastine akazikusanya burashi zote, akazifunga kwenye kitenge, akazitia sandukuni, na ufunguo akauweka mahali ambapo mwanamume mwenye heshima hatafuti ufunguo.

Iliuma. Nisikufiche, iliuma sana. Kinyozi hajinyoi, tunasema, lakini kinyozi huyu alikatazwa hata kumnyoa mwanawe. Aliapa kwa kuwa alimpenda, na kwa kuwa ule mlango wa choo aliuandika kweli.

Siku ya kuposa ikafika, Jumamosi ya kiangazi, na unajua Jumamosi za kiangazi huku kwetu: kila kilima kina hema lake. Nyumba ya Gad mjini ni ndogo, kwa hiyo waliazima ua wa mjomba wake Védastine kule Mururu, mlimani, ambako hakuna hata mmoja wa upande wa Parfait aliyewahi kufika, na wakwe walikuwa bado wanajuana kwa simu tu. Ganza akatengeneza kibao cha kuwaelekeza pale njia inapogawanyika. Majina mawili, mshale mmoja, kwa rangi ya dhahabu juu ya nyeupe.

Gad alikipita asubuhi akiwa ndani ya suti. Akasimama. Herufi zilikuwa nyembamba kama uzi, zimelala, zimefungana mikia, na jua lilipozipiga zikapotea kabisa. Mshale nao ulikuwa umevikwa maua, hukujua unakwenda juu au chini. Akarudi nyuma hatua chache, akakunja macho, na mbele ya Mungu hakuweza kusoma jina la mtoto aliyemzaa. Akafungua mdomo. Akakumbuka kiapo. Akaufunga, akapanda kilima.

Hapa nieleze kidogo kwa asiyejua desturi. Kuposa kwetu ni mchezo wa maneno. Wageni wakifika, wenyeji hujifanya hawawajui. Nyinyi ni nani? Mmepotea njia? Binti gani? Hapa hatuna binti. Yule mnayemsema ameshaolewa, amekwenda kuwa mtawa, hajazaliwa. Msemaji wa wageni naye hachoki: husifu, hutania, huomba, huchomoa mithali, mpaka wenyeji washindwe na kusema, haya, tumewapa. Wasemaji huchaguliwa kwa ulimi wao, mara nyingi hata si wa ukoo. Na baba wa binti? Hukaa kwenye kiti, ameshona mdomo, hana kazi ila kuonekana mzito. Bwana harusi naye hubaki nyuma na wenzake mpaka aitwe.

Saa za wageni zilifika. Zikapita. Kwaya ikaimba nyimbo zake zote, ikaanza tena. Mzee Kabera, msemaji wa upande wa Gad, alishapasha koo kwa kikombe cha pombe ya ndizi, akalipasha tena, na sasa lilikuwa limepashika kupita kiasi. Wali ukaanza kushikana. Védastine alipiga simu ya Parfait, imezimwa. Akapiga ya mama yake, imezimwa. Wageni wa hema wakaanza kutazamana kwa ule mtazamo ambao mama wa bibi harusi huusikia hata akiwa amegeuka.

Ndipo akafika Hakimu, dereva wa moto, na kreti ya Fanta mgongoni mwa pikipiki yake.

"Papa Benitha," akasema, "sasa mbona munakaa hapa? Bageni benu beko kwa Osée!"

Osée alikuwa na ua wake kwenye ile njia nyingine ya panda, na siku ile ile binti yake Gasaro alikuwa akiposwa na watu wa Nyamasheke. Msafara wa magari ya Bugarama ulifika panda, ukatazama uzi wa dhahabu, haukuona kitu, ukasikia kwaya upande wa chini, ukashuka. Watu wa Osée waliona magari yenye maua: wageni wamefika! Wakawapokea, wakawakalisha. Na mchezo ukaanza.

"Sasa hawasemi?" Gad akauliza. "Hawasemi wanamtaka Benitha?"

"Banasema, Papa! Banasema Benitha, Benitha. Na bale banajibu, hapa hatuna Benitha. Na bote banapiga makofi."

Ee Mungu wangu, ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Upande mmoja ulidhani unafichwa binti, kama desturi. Upande wa pili ulidhani wageni wanataja jina la uongo ili kuwapima, na ukaona ni utani wa hali ya juu. Msemaji wa Bugarama, Mzee Mbarushimana, alikuwa ameamuru simu zote zizimwe ili neno lake lisikatwe na mlio, na siku ile neno lake lilikuwa linachanja mbuga.

Hakimu akatumwa arudi mbio akawaambie. Akarudi na chupa ya Fanta mkononi.

"Nimesimama katikati ya hema, nimesema: Bazee, mumepotea njia! Hapa si kwenyewe! Banacheka mpaka bengine banalia. Ule muzee wao akaniita, akanipa Fanta, akasema nimecheza muzuri."

Védastine akamtuma kaka yake Niyonsaba, shemasi, mtu mzito ambaye hata mbwa humheshimu. Niyonsaba hakurudi. Baadaye tulisikia alisema ukweli wote kwa sauti ya madhabahuni, hema likalipuka kwa vigelegele, wakamkalisha mstari wa mbele wakampa sahani ya wali na nyama, na shemasi naye ni binadamu.

Gad alikaa kwenye kiti chake cha uzito, akaelewa. Leo hakuna neno litakalofika. Ungewaambia nyumba inaungua, wangekujibu kwa mithali. Na Hakimu alishasema jambo lililomtoa jasho: watu wa Osée walikuwa wameanza kulegea. Mzee Mbarushimana alikuwa anawashinda. Muda si mrefu wangesema "tumewapa", hema lingeshangilia, na neno hilo likitoka mbele za watu ni maji yaliyomwagika. Parfait angepewa Gasaro. Wangekuja kulitengua, ndiyo, lakini kwa kesi, kwa vikao, kwa kicheko cha mji mzima, na mwanawe angebaki yule msichana ambaye wachumba waliposa kwa jirani.

Akainuka, akaingia chumbani. Benitha alikuwa amevaa mushanana wake mweupe, lile shuka la bibi harusi la kufunga begani, nywele zimepandishwa, na machozi yalikuwa yameanza kuharibu kazi ya asubuhi nzima ya shangazi zake.

"Papa, banaenda kumupa Parfait muke mwengine?"

"Hawamupi."

"Utafanya nini? Hakuna anayesikia!"

"Kusikia hawasikii. Kusoma wanaweza." Gad akaitazama mikono yake. "Lakini mimi niliapa."

"Papa! Andika!"

Na hapa, wallahi, hata mtakatifu angefanya alivyofanya. Mambo yanawaka, wali umeshikana, na yule mzee mwembamba akajishika kiuno. "Niandike kwa mwandiko gani?"

"Ule wa kwako!" Benitha akapiga kelele mpaka kwaya ikanyamaza. "Mukubwa! Munene!"

Gad alitoka chumba kile amepungua miaka. Rangi ipo? Ipo: mjomba alikuwa amepaka geti lake bluu kwa ajili ya sherehe, na kopo lilibaki nyuma ya jiko, nusu. Kitambaa kipo? Gad akaiendea meza ya wakubwa, akashika kitambaa chake cheupe, kirefu, cha kuazimwa kutoka kwaya. Védastine akashika ncha ya pili. Wakatazamana, mume na mke, juu ya chupa na maua. Védastine akaachia.

Burashi haikuwapo, ilikuwa Kamembe sandukuni, na ufunguo ulikuwa hapo hapo, kifuani mwa Védastine, lakini hauna faida. Gad akakaa chini, akavua kiatu, akavua soksi, akaivaa mkononi, akauzamisha mkono kwenye bluu mpaka kifundoni. Shangazi mmoja akasema Yesu Maria. Hakuchora mifupa. Alishuka na B moja kwa moja kwa kiganja kizima, na soksi ilifanya ambacho burashi haijawahi kufanya, ilizungusha kila kona bila kuombwa. E ikafuata, N, I. Watu walimzunguka wakizitaja kwa sauti kama darasa la kwanza. Hata kwa haraka ile hakusahau tundu la A. BENITHA YUKO HUKU, na chini yake mshale mnene ambao hata kipofu angeuhisi.

"Sasa nani anapeleka?" mtu akauliza.

Watu wakarudi nyuma hatua moja. Maana tayari walishaona mjumbe anavyopewa Fanta. Na kulikuwa na jambo lingine: mwandiko bila mwenyewe ungeweza kuwa utani pia. Kamembe nzima inamjua Gad kwa sura. Lakini baba wa binti kusimama barabarani akiita wakwe! Hilo halijafanyika. Ni kama kumtembeza mtoto wako sokoni. Mzee Kabera alinyanyua kidole kumkumbusha, Gad akamwambia kwa upole, "Mzee, kidole hicho kirudishe kwa kikombe," akapanda nyuma ya Hakimu.

Wakashuka kilima, pikipiki inalia, kitambaa kinapepea kikikaukia upeponi, suti ya Gad imejaa madoa na mguu mmoja hauna soksi. Watu wa mashambani walisimama na majembe wakasoma. Benitha yuko huku! Huku wapi? Mshale, kwa jinsi upepo ulivyoshika, ulikuwa unaonyesha shamba la mihogo.

Kwa Osée walimkuta Mzee Mbarushimana kileleni. Alikuwa amesimama, fimbo mkononi, mabega yamepanuka, na alikuwa amemaliza mithali ambayo ilimfanya hata mama yake Gasaro apige makofi. Msemaji wa Osée, mwalimu mstaafu aitwaye Mukengere, alikuwa akifuta jasho kwa furaha ya mtu aliyeshindwa vizuri.

"Ndugu wageni," Mukengere akasema, "nimeposesha mabinti wengi, sijaona ulimi kama huu. Kwa hiyo, kwa niaba ya ukoo huu, binti yetu tu—"

Gad na Hakimu wakakitandaza kitambaa mlangoni mwa hema, mmoja huku, mmoja kule.

Kicheko kilianza, kikakatika katikati. Mzee Mbarushimana aligeuka. Ni mzee wa macho mabovu, na miwani yake aliiacha Bugarama kwa kuwa humfanya aonekane mzee. Ndiye aliyekuwa kwenye gari la mbele pale panda, ndiye aliyesema shukeni. Sasa akasoma, kutoka ncha ya pili ya hema, bila shida yoyote, kwa sauti ya mtoto wa shule: "BE-NI-THA. YUKO. HUKU."

Hema zima likageuza vichwa kufuata mshale.

"Huu mwandiko wa Gad," mtu akasema kutoka viti vya nyuma.

"Ndiye huyo mwenyewe ameushika."

"Basi si mchezo. Huyu ndiye aliandika HATARI ya transfoma."

Watu wakaanza kuhesabu Fanta walizokunywa. Osée akainuka polepole. "Nyinyi mnamtaka nani?"

"Benitha!" Mbarushimana akasema. "Tangu asubuhi tunasema Benitha!"

"Sisi tulidhani ni mzaha!"

"Na sisi tulidhani mnamficha!"

Dirisha la nyumba likafunguka, na Gasaro mwenyewe akatoa kichwa chenye mapambo yote. "Papa, mimi tangu asubuhi ninasema hii sura ya bageni siijui! Mukaniambia ninyamaze, bibi harusi haongeagi!" Dirisha likafungwa kwa kishindo. Parfait akatoka mbio kwenye gari la mwisho, ambako alikuwa amekaa ametulia akingoja kuitwa, akaona jina la mchumba wake mikononi mwa baba mkwe, akaona na mguu usio na soksi, asijue asalimie kipi kwanza.

Gad ndiye aliyekuwa na aibu kuliko wote. Watu wa pande mbili walikuwa wanamtazama baba aliyekuja kuwaita wakwe kwa mkono wake. Akasema neno moja tu. "Muye. Mutoto analia."

Hakuna aliyecheka. Mzee Mbarushimana akavua kofia. Lakini msemaji ni msemaji, hawezi kutoka mahali bila kufunga, akamgeukia Osée akainama. "Ndugu yetu, tunakushukuru. Kule tunakokwenda wanasema wana wasemaji wakali. Tulipita kwako kufanya mazoezi." Osée akacheka mwishowe, akawasindikiza mwenyewe mpaka getini, na shemasi Niyonsaba akatoka nyuma yao akifuta midomo. Chini ya kilima waliwakuta watu wa Nyamasheke, wakwe wa kweli wa Gasaro, wamesimama na magari yao. Walikuwa wamefika kitambo, wakaona ua umejaa, wakadhani wao ndio waliopotea.

Mururu walipokewa kama waliotoka vitani. Mzee Kabera alisimama, akayumba, akasawazika, na kwa kuwa desturi ni desturi akauliza kwa ukali: "Nyinyi ni nani? Mmepotea njia?"

"Ee, baba," Mzee Mbarushimana akasema. "Tulipotea."

Hema lilianguka kwa kicheko. Kabera alikuwa na mithali nyingi alizoziandaa, zote zikamtoka kichwani, na posa ile ikawa fupi kuliko zote zilizowahi kufanyika Mururu. Binti wakapewa. Wali ulikuwa umeshikana, ukaliwa.

Kisha Benitha akatolewa nje na wenzake, kwa hatua ndogo, macho chini, kama inavyotakiwa. Kwa desturi angeanza na wakwe. Hakuanza na wakwe. Alikwenda moja kwa moja kwenye kile kiti ambacho baba yake alikuwa amekirudia, amekaa ameficha mikono kati ya magoti, kwa kuwa rangi ya geti ilikuwa imepenya soksi, bado mbichi, na haitoki kwa maji. Gad alipoona anakuja akatikisa kichwa: hapana, mama, usinisogelee, utachafuka. Benitha akamwinamia akamkumbatia kwa nguvu zote, na mzee naye, mikono ni mikono, ikasahau, ikamshika mgongoni.

Alipoinuka, kiganja cha bluu kilikuwa juu ya mushanana mweupe, vidole vyote vitano, vinene kwa rangi, ncha zimeviringika. Shangazi zake wakapiga ukelele. Mmoja akaja na mafuta ya taa, wa pili na sabuni, wa tatu akaanza kufungua shuka la akiba. Védastine alikuwa ameshashika kichwa.

"Muiache," Benitha akasema. Akajipapasa mgongoni, akaona bluu vidoleni mwake, akamwita mpiga picha. Wakamweka katikati, kati ya Parfait na wakwe, mpiga picha akasema haya, tazameni huku, na bibi harusi akageuka akampa mgongo.